Kipaza Anawaza

Kipaza alizikwa, na kabla udongo haujakauka vizuri juu yake, akaanza kuongea.

Asitishike mtu. Hakufufuka. Aliongea redioni, katika mchezo wa kuigiza uliokwisha kurekodiwa kabla kichwa hakijamuuma, akajilaza kidogo, na kidogo hicho kikawa cha moja kwa moja. Lakini hebu mweleze hivyo mumewe. Fundi Vioo alikuwa dukani kwake, amelaza kioo mezani, almasi ya kukatia imeshaanza kuchora mstari, ndipo akamsikia mkewe kutoka redio ya kinyozi, kutoka redio ya mama chai, kutoka redio ya muuza mkaa ng'ambo ya barabara, zote kwa pamoja, akisema kwa sauti ya chini:

"Nikimtazama anavyokula najiuliza, humo ndani kuna mtu, au ni nyumba iliyofungwa, mwenyewe alishahama?"

Mstari ukapinda. Kioo kikapasuka kombo, kikaacha ncha ndefu kama ulimi.

Mama mmoja aliyekuwa ameleta picha ya marehemu baba yake itiwe fremu akakitazama kioo, kisha akamtazama fundi. "Pole, fundi. Si ndiye yeye huyo?"

"Ndiye."

"Mh! Anaongea kama yuko nyuma ya mlango."

Mama chai alikuwa mtu ambaye utani haukupita kwake bila kumiminiwa kikombe. Akapaza sauti kutoka kwenye jiko lake: "Haya Fundi, tujibu na sisi! Humo ndani kuna mtu?" Wateja wakacheka. Kisha akakumbuka kwamba wiki iliyopita tu alipika chai ya msiba huo huo, akajiziba mdomo kwa kitambaa cha kufutia vikombe.

Fundi alitabasamu. Alikuwa na tabasamu moja tu, la kazi zote, kama mtu mwenye koti moja linalokwenda harusini na mazikoni. Lakini kwa ndani alikuwa anasema: Nipo. Niko hapa hapa. Sasa nikila nifanye nini, niimbe? Nawe mbona hukuniuliza ukiwa mezani, ukaja kuniuliza mbele ya muuza mkaa?

Kwa mdomo alisema, "Fremu yako njoo kesho, mama."

Kilichomshinda hasa hakikuwa maneno. Ilikuwa sauti. Marehemu alipata jina la Kipaza kwenye kituo cha mabasi, alikokuwa akitangaza basi gani linaondoka na nani kasahau mzigo wake. Husimuliwa kwamba siku moja umeme ulikatika, akatangaza kwa mdomo mtupu, na basi lililokwisha kupotea kwenye kona likageuza, likarudi kumchukua abiria aliyeachwa. Basi hilo hakuna aliyeliona, lakini hakuna aliyebisha. Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Kipaza akinong'ona, jirani alijibu. Sasa hii sauti ya chini, yenye pumzi ndani yake, sauti ya mtu anayeongea na mto wake wa kulalia, Fundi alikuwa hajawahi kuisikia. Alilala nayo chumba kimoja miaka yote ya ndoa, asikutane nayo hata mara moja.

Mchezo wenyewe ulihusu mke aitwaye Tausi, aliyeigizwa na Kipaza, na mumewe mwenye duka, mtu asiyeongea, ambaye majirani wa mchezoni walimbandika jina la Jiwe. Tausi mbele za watu alikuwa asali tupu. Lakini muziki ukififia, inakuja ile sauti ya moyoni, na hapo msikilizaji anapata kujua Tausi anawaza nini hasa. Watu waliupenda mchezo kwa ajili ya hiyo sauti. Yanayosemwa na watu huyapati kwa kutafuta, yanakufuata yenyewe mpaka chooni. Yanayowazwa ndiyo hayapatikani sokoni.

Na kibali cha kuendelea kuurusha alikitoa Fundi mwenyewe. Walikuja watu wa redio siku ya mazishi, wamevaa nyuso za huzuni za kuazima, wakamuuliza kama waache au waendelee. Akatikisa kichwa kukubali. Alitaka kumsikia mkewe. Hakujua kwamba atamsikia.

*

Mama mkwe alikuja msibani na begi dogo, na watu walipoondoka, lile begi halikuondoka. Si kwamba alikaa bure. Alipika, alifua, alimsuka mjukuu wake nywele mpaka mtoto akawa macho yamevutwa juu kama anayeshangaa. Lakini jioni, kazi zote zilisimama. Aliiweka redio mapajani, akaishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyempakata mtoto mwenye homa.

Mtoto mwenyewe walimwita Chiriku, kwa kuwa alirithi mdomo wa mama yake. Siku hizi ule mdomo ulikuwa umepoa. Akikaa miguuni pa bibi yake, na muziki ukififia, na sauti ya chini ikianza, Chiriku aliitika.

"Abee, mama."

Kila jioni. Tausi akianza kuwaza, mtoto anaitika, anangoja kidogo atumwe, hatumwi. Fundi alikuwa akitafuta kitu cha kufanya nje saa hiyo. Alipiga misumari kwenye mlango wa banda ambao haukuwa umelegea, mpaka ukalegea.

Jioni moja mama mkwe alimwita kabla hajashika nyundo.

"Baba, kaa. Umesikia la leo?"

"Sikusikia, mama. Nilikuwa njiani."

"Njiani ndiyo hakuna redio? Mji mzima umesikia." Akaipunguza sauti redio, ingawa ilikuwa inatoa matangazo ya sabuni. "Amesema amechoka kuongea peke yake kama mtu anayetwanga maji. Amesema akipiga kelele ni ili asisikie jinsi nyumba ilivyo kimya. Mwanangu alikuwa anazama, na mimi huku nadhani anaogelea."

"Mama, ule ni mchezo."

"Mchezo. Sauti ile ya nani?"

"Yake."

"Mdomo wa nani?"

"Wake, mama."

"Sasa mawazo yatakuwa ya jirani?"

Fundi akafumbua mdomo. Humo ndani mlikuwa na maneno mengi, yanasukumana kama abiria mlangoni: Mama, mimi huongea. Huongea sana. Nikikata kioo naongea naye tangu asubuhi. Namwambia huyu mteja kaniudhi, namwambia nimekuona umebadilisha nywele, namwambia usipande kile kigoda kina mguu mbovu. Nikifika nyumbani nakuwa nimeshamwambia yote, nakuwa nimechoka. Ni kosa langu kwamba hakuwepo?

"Sawa, mama," alisema.

"Unaona? 'Sawa, mama.'" Mama mkwe alitikisa kichwa. Hakuwa mwanamke mbaya, na hilo ndilo lililomnyima Fundi usingizi. Mtu mbaya unamchukia, unalala. "Sikiliza. Jumamosi kaka yangu, mjomba wa marehemu, anakuja. Na wametangaza Jumamosi ndiyo mwisho wa mchezo, tutajua kama Tausi anaondoka au anabaki. Tutasikiliza wote. Kama mwanangu moyoni alishaondoka katika nyumba hii, basi na mimi namchukua mjukuu wangu. Siwezi kumwacha mtoto mahali ambapo mama yake alikuwa anatoroka kwa mawazo."

Chiriku alikuwa mlangoni, amesimama kwa mguu mmoja.

"Bibi, kwani Tausi ni mama?"

Bibi alimtazama mkwewe. Mkwewe akaitazama redio. Redio ikaendelea na sabuni.

*

Aliyeutunga ule mchezo alikuwa mzee mstaafu wa ghala la mazao, mpima mizani, ambaye alijifundisha kuandika kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa vitunguu. Walimwita Babu Chumvi, na hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini. Alidai kwamba enzi zake aliwahi kupima mizigo miwili ya pamba, mmoja wa mtu mwaminifu na mmoja wa mwizi, na wa mwizi ukatetemeka mezani wenyewe. Fundi alimkuta nyuma ya jengo la redio, anamega mkate na kuchovya kwenye chai.

"Nilikuwa nakungoja," alisema Babu Chumvi. "Uongo. Sikuwa nakungoja. Lakini nimefurahi. Kaa."

Fundi hakukaa. "Babu, yale maneno uliyaandika wewe?"

"Yapi? Maana nimeandika mengi, mengine mpaka mimi mwenyewe yananitia aibu."

"Yale ya moyoni. Ya Tausi."

Mzee aliweka mkate chini. Akainuka, akamwashiria amfuate. Walipita ukumbi mwembamba wenye nyaya sakafuni, wakafika kwenye mlango mdogo. Kilikuwa chumba cha kuwekea mafagio. Kuta zake zilitundikwa mablanketi mazito, ya rangi ya kijivu, toka juu mpaka chini, na katikati palikuwa na stuli na kipaza sauti.

"Alikuwa anakaa hapo. Anazima taa. Mimi naandika kila mtu anasema nini, hilo naliweza. Lakini mahali pa moyoni naandika neno moja tu: anawaza. Basi. Nilijaribu kuyatunga mwanzoni, yakatoka kama hotuba ya mwenyekiti. Mtu hawazi kwa sentensi zilizopigwa pasi, Fundi. Anaanza na mume anamalizia na sufuria. Kipaza akaniambia, 'Babu, niachie mimi.' Akaingia humo, akajifungia, akawaza."

Fundi aliingiza kichwa. Hapakuwa na harufu ya mkewe. Palikuwa na harufu ya sufu na vumbi. Alipumua hata hivyo. Hapa ndipo ulipokuwa unaishi, aliwaza. Kumbe nyumba ulikuwa nayo. Ina hata mablanketi.

"Kwa hiyo yalikuwa yake," alisema.

"Ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Ah, hapo sasa unaniuliza uzito wa kivuli." Babu Chumvi alikuna kidevu. "Mtu akisema, anachagua. Akiwaza, anamwaga. Sasa mtu anayeigiza kwamba anawaza, huyo yuko wapi? Anachagua au anamwaga? Kuna siku Tausi aliwaza habari za mzee fulani ambaye meno yake ya bandia yanabofya akitaja herufi ya S. Nikacheka sana. Nilipofika nyumbani nikasema 'sasa usisahau siagi' mbele ya kioo, nikaacha kucheka. Lakini siku nyingine aliwaza habari za kaka yake aliyepotelea baharini, na Kipaza hakuwa na kaka wala bahari."

"Jumamosi anawaza nini?"

"Nimesikia. Sikuambii."

"Babu, wanataka kumchukua mtoto wangu."

Mzee alinyamaza, na kwa mtu kama yule kunyamaza ni kazi nzito kuliko kubeba gunia. "Nikikuambia, utaniamini? Mimi? Nikikuambia ni asali utasema nimetia sukari. Nikikuambia ni shubiri utasema namtetea mama mkwe wako." Akashusha sauti. "Lakini naweza kufanya jambo moja. Fundi mitambo ni rafiki yangu. Ukisema, Jumamosi zinapigwa nyimbo. Ule mkanda unafutwa, mchezo unabaki bila mwisho, wasikilizaji watatutukana wiki moja watasahau. Hakuna Tausi anayeondoka, hakuna ushahidi."

"Na sauti yake?"

"Ikifutwa imefutwa. Hatuna nyingine ya namna ile."

Fundi alishika blanketi moja kwa vidole viwili. Ukifutwa, mtoto anabaki. Ukifutwa, yeye anakufa mara ya pili, na safari hii mwuaji ni mimi, mwenye akili timamu, nimevaa viatu. Usipofutwa, huenda akasimama mbele ya mjomba wake na mama yake na mtoto wake aseme kwamba kule kula kwangu kulimchosha. Kipaza, niambie. Wewe si unajua kusema? Niambie sasa hivi, hakuna mtu.

Blanketi halikusema kitu.

"Waache waupige," alisema.

*

Mjomba alifika Jumamosi amevaa koti. Zamani alikuwa karani wa mahakama, na mpaka leo hakukaa kama watu wengine, aliketi. Viti vyenye nguvu vilikuwa viwili, akachukua kimoja, dada yake akachukua cha pili. Fundi, katika nyumba aliyoilipia kodi yeye mwenyewe, alivuta sanduku la kubebea vioo akalikalia, magoti yakamfikia kifuani. Chiriku aliambiwa akacheze chumbani. Alikwenda, lakini kivuli chake kilibaki kwenye pazia.

"Bwana mkwe," mjomba alianza, "hatukuja kwa ubaya."

"Najua, mjomba."

"Tumekuja kusikiliza upande wa marehemu. Wengi hufa bila kusema la moyoni. Huyu Mungu kamjalia kasema. Na redio haina ndugu wala jamaa, haipendelei."

"Ni mchezo, mjomba."

"Tutaona. Naomba utulivu mbele ya redio."

Mama mkwe akaongeza sauti. Mchezo ukaanza. Tausi alikuwa anapanga nguo kwenye begi. Ulisikia kitambaa, ulisikia zipu. Mumewe Jiwe alikuwa amelala, anakoroma kwa mbali, mkoromo wa mtu aliyelipwa kukoroma. Mjomba aliegemea mbele. "Begi," alisema, kama anayeandika. Dada yake akaitikia kwa macho. Muziki ukafifia.

"Abee," kikasikika kisauti nyuma ya pazia.

"Amelala," ilisema sauti ya chini. "Huyu mtu akilala husahau kujificha. Mkono wake huuacha upande wangu, kiganja juu, kimefunguka, kina vijikovu vidogo vidogo kama maandishi ya mtu anayejifunza kuandika. Kama anangoja apewe kitu. Hajui kwamba hulala hivyo. Sijamwambia. Nikimwambia, ataukunja."

Jiwe aliuza chumvi na sabuni. Muuza chumvi makovu ya kiganjani anayatoa wapi? Fundi aliona mikono yake juu ya magoti, imekaa pale mbele za watu wote, na kila alama iliyoachwa na kioo tangu ujana wake ilikuwa nyeupe na wazi. Mimi, aliwaza. Mimi huyo. Aliniona. Alikuwa macho, ananiangalia, wala hakuwa na hasira. Kama angekuwa mtu wa kulia, angelia hapo hapo juu ya sanduku.

Lakini sauti haikuwa imemaliza.

"Niende kwa mama? Nilishakwenda. Nikafika na begi hili hili, mama akafungua mlango nusu, akachungulia nyuma yangu, akauliza, 'Kuna aliyekuona?' Hakuuliza kama nimekula. Nikasema nimekuja kusalimia tu. Nikarudi na basi lile lile, hata kiti hakijapoa."

Baada ya hapo kulisikika mlango ukifunguliwa. Nyayo. Muziki ukapanda, na mtangazaji akasema mchezo umefika mwisho, asanteni.

"Ametoka au ameingia?" aliuliza mjomba.

Mama mkwe alikuwa ameishika redio vile vile kwa mikono miwili, lakini hakuipakata tena. Aliishika kama mtu aliyeshikishwa kitu cha moto mbele ya wageni, hawezi kukitupa. Uso wake ulikuwa umesinyaa ghafla.

Na Fundi akaikumbuka siku ile. Kipaza alitoka asubuhi na begi kubwa, akasema anampelekea mama yake nguo za zamani. Jioni akarudi nalo. Alicheka sana usiku huo, kwa sauti ya kituoni, akisimulia habari za kondakta fulani mlevi, na Fundi alikula, akashiba, akaona nyumba yake ina furaha. Kumbe alikuwa ameachwa asubuhi na kurudiwa jioni, na katikati hapo alikata vioo vya madirisha ya mtu.

"Dada," mjomba alisema taratibu. Sauti ya mahakamani ilikuwa imemrudia, ila sasa imegeukia upande mwingine. "Mwanao alikuja kwako na begi?"

"Mimi..." alisema mama mkwe.

"Ulimwuliza kama kuna aliyemwona?"

"Wewe si ulisikia, alisema amekuja kusalimia. Sasa mimi ningejuaje? Mtu akisema amekuja kusalimia..." Alikuwa amejibu swali lisilopaswa kujibiwa, na alilijua hilo kabla sentensi haijaisha.

Mjomba aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alimtazama Fundi kama mtu mwenye nyumba. "Bwana mkwe. Wewe ndiye uliyeishi naye. Je, marehemu aliwahi kwenda kwa mama yake na begi, akarudi siku hiyo hiyo? Sema tu. Maana kama hilo ni kweli, basi tumemwonea mtu mwingine hapa."

Jibu lilikuwa mezani, limekatwa tayari, halihitaji hata kusawazishwa. Sema ndiyo. Sema ndiyo, mjomba, namkumbuka, alirudi, na aliyemrudisha ni huyu aliyekaa kwenye kiti changu. Sema, mtoto anabaki, na kiganja kinakuwa changu mbele ya mashahidi. Yote au hakuna, redio haipendelei. Si ndivyo walivyotaka? Wiki nzima mji umeniita Jiwe. Leo niwe jiwe la kumwangukia mtu.

Akamtazama mama mkwe. Alikuwa anangoja. Hakuomba, hakujitetea, alingoja tu, mdomo umeachama kidogo, na Fundi aliona kwamba mwanamke huyu atakwenda na mlango ule ulio wazi nusu mpaka kaburini, iwe Fundi atasema au asiseme. Atakuwa anaufungua kila siku. Hakuhitaji mkwe wa kuusukuma.

"Hapana, mjomba," alisema. "Huo ni mchezo. Mama wa Tausi siye mama huyu."

"Hakuwahi kwenda?"

"Alikwenda kusalimia, kama watu wote. Hayo mengine ni ya kuigiza. Alikuwa hodari sana."

"Kwa hiyo yote ni mchezo?"

"Yote."

"Kule kula, kule kunyamaza, kutwanga maji?"

"Yote, mjomba."

Mjomba hakuwa mjinga. Macho yake yalishuka polepole mpaka kwenye magoti ya Fundi. "Na hicho kiganja?"

Fundi aliikunja mikono yake, akaiweka kwapani.

"Jiwe ana kiganja chake," alisema.

Nje, mtu aliendesha baiskeli yenye mnyororo unaolia. Kisha mjomba alivuta koti lake sawa, akasema kwa uchovu kwamba kama ni hivyo, shauri halina ushahidi wa upande wowote, na mtoto ana baba yake.

"Basi ni mchezo," alisema mama mkwe. Aliizima redio. Alitafuta swichi mara mbili, ingawa alikuwa ameizoea. "Msiba ulinichanganya. Mtoto akae hapa, shule yake iko hapa."

Nyuma ya pazia kivuli kikauliza, "Bibi, sasa hataongea tena?"

"Hapana, mjukuu wangu," alijibu bibi. "Amemaliza."

*

Asubuhi Fundi aliamka kabla ya wote, na kitu cha kwanza alichokifanya, kabla hajakumbuka kwamba ni mjane, kilikuwa kuutafuta mkono wake wa kulia. Aliukuta chini ya kifua, amelalia ngumi, kucha zimeacha alama nne kwenye kiganja. Akauvuta, akaunyoosha upande ule wa kitanda uliokuwa baridi, akafumbua vidole. Akatulia hivyo. Haikuwa sawa. Sasa alikuwa anafanya makusudi, kama Jiwe wa mchezoni anayelipwa kukoroma.

Mama mkwe alikuwa ameshafunga begi lake dogo. Mjomba alitangulia barabarani, anatazama basi linakotokea. Chiriku alibusiwa, akapewa maagizo ya nywele na ya meno, akaahidi yote kwa pamoja ili yaishe. Kisha bibi akasimama mlangoni mbele ya mkwewe, na hapo wote wawili wakaishiwa maneno. Fundi alikuwa amezoea. Mama mkwe hakuwa amezoea.

Akanyoosha mkono kuaga. Fundi akampa wake. Lakini mama hakuutikisa. Aliugeuza, kiganja kikatazama juu kwenye mwanga wa mlangoni, na vilipotaka kujikunja vile vidole, akavizuia kwa kidole gumba, kwa upole, kama anavyofanya mtu anayemkata mtoto kucha. Akayatazama makovu. Aliyatazama kwa muda mrefu, moja moja, kama mtu anayesoma bila miwani.

"Yanauma?" aliuliza.

Hapana, mama. Hilo lilikuwa tayari mdomoni, limekaa hapo tangu ujana wake, linangoja swali lolote liulizwe.

"Baridi ikiingia," alisema Fundi. "Hili la hapa, na hili. Huwa yananiamsha. Sikuwahi kumwambia. Nilidhani namwamsha bure."

Mjomba aliita kutoka barabarani kwamba basi linakuja na halina mazoea ya kungoja. Mama mkwe hakugeuka. Aliliweka begi chini, akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akaanza kuusugua taratibu, upate joto.